Gramu Zile Zile, Umbo Tofauti: Kwa Nini Unga Wako wa Kaboni Haupitishi Stima

Ukiuliza namna ya kutengeneza resini inayopitisha stima, jibu utakalopewa mara nyingi ni la mizani: epoksi (resini ya gundi) gramu 100, unga wa kaboni gramu 20, koroga, mimina. Mmoja atafuata hayo apate kipande kinachopitisha umeme vizuri. Mwingine atatia gramu zile zile na mita yake isome OL tu, yaani ukinzani umezidi uwezo wa mita. Wa tatu hata kumimina hatafaulu, kwa kuwa mchanganyiko umegeuka bonge la nyuzi kavu. Wote watailaumu gundi, na gundi haina hatia. Kilichowatenganisha ni umbo la chembe, na mapishi yasiyotaja umbo yametoa nusu ya habari.

Epoksi yenyewe ni kihami. Umeme haupiti ndani yake mpaka chembe za kaboni zigusane, au zikaribiane kiasi cha nanomita chache, na kuunda njia isiyokatika kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kabla ya hapo, kuongeza kaboni hakubadilishi ukinzani kwa kiasi cha maana. Halafu ghafla, ndani ya nyongeza ya asilimia moja au mbili tu, ukinzani unaporomoka mara elfu, hata mara milioni. Kiwango hicho cha ujazo wa kaboni ndicho tutakachokiita kizingiti, na umbo ndilo linaloamua kiko wapi.

Chembe za duara, pamoja na zile za mapande ambazo urefu, upana na kina chake vinakaribiana, ndizo zenye hasara kubwa. Mwaka 1970 wanafizikia Harvey Scher na Richard Zallen walionyesha kwamba kwa duara za namna hiyo kizingiti huwa karibu na asilimia 16 ya ujazo, bila kujali sana zimepangwa vipi. Huo ni unga mwingi. Resini yenye unga kiasi hicho ni nzito, inashika mapovu, na ikikauka huvunjika kwa urahisi.

Sindano ni habari nyingine kabisa. Chukua urefu wa chembe uugawe kwa unene wake. Namba hiyo tuiite uwiano. Kazi ya mwanafizikia Isaac Balberg na wenzake ya mwaka 1984 inampa fundi kanuni asiyohitaji kompyuta kuitumia: kwa sindano ndefu zilizotawanyika ovyo, kizingiti ni 0.7 ukigawa kwa uwiano. Uwiano wa 100 unakupa 0.007, yaani asilimia 0.7 ya ujazo. Sababu yake ni ya kijiometri. Fimbo ina ujazo mdogo, lakini ukiizungusha pande zote inafagia duara lenye kipenyo sawa na urefu wake, na fimbo nyingine yoyote ikipita ndani ya duara hilo ina uwezekano mzuri wa kuigusa. Punje haifagii chochote zaidi ya yenyewe. Kwa sindano fupi, zenye uwiano chini ya 20 hivi, kanuni hiyo inakuwa ya kukisia tu, ila bado inakuonyesha mwelekeo.

Chembe bapa, mfano grafiti ya vibapa, ziko katikati. Kwa hizi uwiano ni kipenyo kugawa kwa unene, na kizingiti chake kwa kawaida huwa asilimia chache.

Ukishavuka kizingiti, upitishaji hupanda takriban kwa mraba wa kiasi ulichozidisha. Tuseme kizingiti chako ni asilimia 5. Kwenye asilimia 6 umezidisha 1, kwenye 7 umezidisha 2, na upitishaji ni mara nne. Kwenye 10 ni mara ishirini na tano. Ndiyo maana sampuli zilizo karibu na kizingiti hazitabiriki. Kosa la robo gramu kwenye mizani, kijiko kilichobaki na unga kidogo, na kipande cha leo hakifanani na cha jana. Kama unatengeneza kitu cha kutumika, kaa mbali na kizingiti, angalau mara moja na nusu yake. Kama unatengeneza kihisi cha mkandamizo au cha mvuto, basi kaa karibu nacho makusudi, kwa sababu hapo kuvutwa kidogo tu kunatenganisha chembe na ukinzani unaruka.

Sasa turudi kwa zile gramu 20. Hesabu ya kizingiti ni ya ujazo, si ya uzito, na wengi hupotelea hapo. Epoksi iliyochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) ina densiti ya karibu gramu 1.15 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo gramu 100 ni sentimita za ujazo 87. Fimbo ya kaboni ya betri, kwa kuwa ina vitundu, ni karibu 1.65. Gramu 20 za unga wake zinachukua sentimita za ujazo 12, yaani asilimia 12 ya mchanganyiko. Kama unga huo umetwangwa ukawa mapande, haujafika 16, na OL ndilo jibu halali. Grafiti ya vibapa ni 2.2, gramu 20 zake ni sentimita za ujazo 9, asilimia 9.5, na kwa vibapa hiyo imeshavuka kizingiti vizuri. Nyuzi za kaboni zina densiti ya 1.78 na unene wa maikroni 7. Zikikatwa milimita 3, uwiano wake unapita 400 na kizingiti chake ni chini ya asilimia 0.2. Gramu 20 ni asilimia 11. Hazitaingia.

Hazitaingia kwa sababu sindano zina mpaka wa juu pia. Zikitawanyika ovyo, ujazo mkubwa kabisa zinaoweza kujaza ni takriban 5 ukigawa kwa uwiano. Kwa uwiano wa 430, hiyo ni asilimia 1.2 hivi. Zaidi ya hapo zinasokotana, resini haizifikii, na unabaki na mafundo yenye hewa ndani. Kwa hiyo nyuzi za milimita 3 zina dirisha lake la kazi, kati ya asilimia 0.2 na 1. Kwa epoksi gramu 100, asilimia 0.5 ni gramu 0.8 tu. Mtu aliyezoea kupima unga kwa kijiko hatakuamini, lakini ndivyo ilivyo.

Fedha inaonyesha tofauti ya uzito na ujazo vizuri zaidi. Gundi ya fedha ya kuunganishia saketi hubeba karibu asilimia 75 ya fedha kwa uzito. Fedha ni 10.5 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo robo tatu ya uzito ni robo tu ya ujazo. Na ukiitazama kwa hadubini utakuta ni vibapa. Kama ingekuwa punje za duara, fedha nyingi zaidi ingehitajika kupata upitishaji ule ule, na gundi hiyo ingekuwa ghali kuliko ilivyo.

Malighafi za hapa kwetu Kenya zina maumbo mbalimbali, na si lazima uagize kitu kutoka nje ili kuyaona. Nakuru ilikuwa na kiwanda cha betri za Eveready hadi 2014, na betri kavu za zinki na kaboni bado zimejaa kila duka. Ndani ya betri moja unapata kaboni za aina mbili. Fimbo ya katikati ukiitwanga inatoa mapande. Ule uji mweusi unaoizunguka ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na masizi ya asetilini, na masizi hayo ndiyo mfano mzuri zaidi wa nguvu ya umbo. Chembe yake moja moja ni duara, makumi ya nanomita tu, lakini zimeungana tangu zilipotengenezwa zikawa minyororo yenye matawi. Kinachohesabika kwenye resini ni mnyororo. Ndiyo maana masizi yenye minyororo mirefu yanapitisha umeme kwa asilimia chache, ilhali masizi yenye minyororo mifupi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya rangi tu, yanahitaji mengi zaidi. Yote mawili ni meusi na yote mawili yanaitwa kaboni. Usijaribu kuyachuja masizi kutoka kwenye uji wa betri. Hutaweza kuyatenganisha na manganizi kwa vifaa vya nyumbani. Chukua fimbo tu. Na usifungue betri za alkalini wala za lithiamu: za kwanza zina potasi inayochoma ngozi, za pili zinawaka moto.

Fimbo yenyewe huwa imenyweshwa nta ili betri isikauke. Nta hiyo ni kihami, na ukiisaga pamoja na kaboni inapaka kila punje. Zichome fimbo nje, penye upepo, mpaka moshi ukome kabisa, ndipo uzitwange.

Kwa sindano, mkonge unaolimwa Mogotio, mwendo mfupi kaskazini mwa Nakuru, ni mwanzo mzuri. Uzi wake una unene wa maikroni 100 hadi 300, kwa hiyo kipande cha milimita 3 kina uwiano kati ya 10 na 30. Ukate kabla ya kuuchoma, kwa kuwa ukishakuwa makaa unavunjika ovyo. Upakie ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko uliobana na tundu moja dogo la kutolea moshi, kisha uchome kwenye moto wa mhunzi unaopulizwa kwa feni. Joto ndilo la kuangaliwa hapa. Makaa ya kawaida ya jiko yamechomwa kwa nyuzi joto 400 au 500, na mengi hayapitishi umeme wa maana, hata uyape umbo zuri namna gani. Kopo linatakiwa liwe jekundu lenye kuelekea rangi ya chungwa, yaani juu ya nyuzi 800, kwa nusu saa au zaidi. Liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa moto, hewa inaingia na uzi unageuka jivu. Chukua uzi mmoja, gusa ncha zake kwa vidole vya mita. Ukisoma megaomu, rudisha kopo motoni.

Makapi ya miwa ya Muhoroni na Mumias nayo yana nyuzi, ila yamechanganyika na unga laini wa katikati ya muwa, hivyo yachekeche kwanza. Maganda ya mpunga ya Ahero ni mtego. Yana silika nyingi, na ukiyachoma kupita kiasi kaboni inaondoka na kubaki jivu jeupe ambalo ni kihami kamili. Gugumaji la ziwani ni mtego wa pili, tena wa hatari zaidi kwa sababu linakudanganya kwa kukupa jibu zuri. Makaa yake yana chumvi nyingi za potasiamu. Unyevu wa Kisumu ukiingia, chumvi zinapitisha umeme na mita inashuka. Ukikausha kipande, upitishaji unatoweka. Yaoshe makaa hayo kwa maji ya mvua mara kadhaa, yakaushe, kisha upime tena. Kila sampuli ya makaa ya mimea ipimwe ikiwa kavu na ikiwa imelala usiku kucha kwenye chombo chenye maji chini. Namba hizo mbili zikitofautiana sana, unachopima ni chumvi na maji.

Kuna imani moja inayostahili kupingwa wazi: kwamba unga ukisagwa laini zaidi unapitisha zaidi. Kwa chembe zilizokuwa na umbo refu ni kinyume. Kinu na mchi vinavunja sindano kuwa vipande vifupi, na kila dakika unayoongeza unashusha uwiano na kupandisha kizingiti. Isitoshe, unaongeza idadi ya maungio ambayo umeme lazima uruke, na maungio ndiyo yenye ukinzani mkubwa kuliko kaboni yenyewe. Vibapa vya grafiti usivitwange. Vibanduane kwa kusuguliwa polepole kati ya vioo viwili vikiwa na matone ya spiriti. Hapo unapunguza unene bila kupunguza kipenyo, yaani unapandisha uwiano. Kuchanganya nako kunavunja. Drili yenye kichwa cha kukorogea rangi, ikienda kasi kwa dakika kumi, inaweza kufanya nyuzi za milimita 3 ziwe za nusu milimita. Koroga kwa mkono, kwa kijiti bapa, huku ukikanda.

Kuchekecha pia kuna hila yake. Kitambaa cha kuchapia fulana kinapatikana kwa wachapishaji wa mjini, na ni chekecheo kizuri cha bei nafuu: kile cha nyuzi 43 kwa sentimita kina matundu ya karibu maikroni 150, cha nyuzi 77 karibu maikroni 80. Lakini sindano hupita kwenye tundu kwa ncha. Chekecheo linakuambia unene wa sindano na halisemi lolote kuhusu urefu. Ukisoma kwenye mfuko "chini ya maikroni 150", hujajua kama ni punje au ni uzi wa milimita mbili. Hakuna njia ya mkato: tazama. Hadubini ya shule inatosha. Sambaza unga kidogo kwenye kioo kwa tone la mafuta ya kupikia, piga picha kwa simu kupitia lenzi, piga pia picha ya rula ya plastiki kwa ukuzaji ule ule ili upate kipimo. Programu ya ImageJ ni ya bure na inapima urefu na unene kwa kubofya. Pima chembe 200 au zaidi, na usichague zile nzuri. Kwa sindano, ukipata wastani, kumbuka kwamba zile ndefu chache zina mchango mkubwa kuliko idadi yake, hivyo andika na mtawanyiko wake.

Kumimina. Tuseme unataka bamba la milimita 50 kwa 50, unene 3, lenye grafiti ya vibapa asilimia 3. Tengeneza sentimita za ujazo 20 ili upate na ziada: epoksi na hadina gramu 22.3, grafiti gramu 1.32. Mizani ya sonara, ya kusoma gramu 0.01, ni ya lazima. Changanya grafiti na resini kwanza, kanda dakika tano, acha mapovu yatoke, ndipo utie hadina. Ukitia hadina kwanza, muda unakukimbia, hasa Kisumu, ambako joto la mchana linafupisha muda wa kazi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinaupunguza hadi karibu nusu. Nakuru asubuhi tatizo linageuka: resini ni nzito na mapovu hayatoki. Weka chupa ya resini, bila hadina, ndani ya maji ya uvuguvugu kwa robo saa.

Halafu kuna kutuama. Punje ya grafiti yenye kipenyo cha maikroni 100, ndani ya resini yenye uzito wa asali nyepesi, inashuka karibu theluthi moja ya milimita kwa dakika. Bamba la milimita 3 litakuwa limejitenga ndani ya dakika kumi hivi, muda mrefu kabla halijaganda: chini kaboni tupu, juu resini tupu. Punje ya maikroni 10 inashuka polepole mara mia. Vibapa na nyuzi hushuka polepole kuliko duara la uzito ule ule, ila nazo hulala. Tiba ni kusubiri mchanganyiko uanze kuwa mzito ndipo umimine, au kufunga kalibu (chombo cha kumiminia) pande zote na kuigeuza kila dakika mbili mpaka resini igande. Vipimo vya juu na chini ya bamba vikitofautiana, usitafute sababu nyingine kabla ya hii.

Kabla hata umeme haujaanza kupita, umbo linajionyesha kwenye kapasita, na hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote kwa sababu ni cha bei rahisi na hakidanganyi kwa urahisi. Chembe inayopitisha umeme ndani ya kihami hupandisha pemitiviti ya mchanganyiko, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, na kasi ya kupanda inategemea umbo peke yake. Kwa kiasi kidogo cha chembe, zidisha sehemu ya ujazo kwa 3 kama ni duara, kwa 10 kama ni bapa lenye uwiano wa 10, na kwa 18 kama ni sindano yenye uwiano wa 10, kisha ongeza 1. Bamba letu la milimita 50 kwa 50 kwa 3, la epoksi tupu yenye pemitiviti ya 4, lina uwezo wa kapasita wa pikofaradi 29.5. Likiwa na asilimia 3 ya duara linapanda hadi 32. Likiwa na asilimia 3 ya bapa, 38. Sindano, 45. Tofauti ya 32 na 45 inaonekana hata kwenye mita ya kapasita ya bei ya chini. Bandika karatasi ya alumini pande zote mbili kwa safu nyembamba sana ya mafuta ya gari au griisi ili kusiwe na hewa katikati, toa pikofaradi za waya zenyewe, na tumia waya mfupi. Ukichora pikofaradi dhidi ya asilimia kwa sampuli za 0, 1, 2 na 3, mteremko wa mstari ndio unaokuambia wastani wa umbo la chembe zako baada ya kukorogwa. Ukikoroga kwa drili ukaona mteremko umepungua, ujue umezivunja.

Kwa sampuli zinazopitisha, usipime kwa vidole viwili vya mita. Juu ya bamba lolote lililomiminwa kuna utando mwembamba wa resini tupu, na utando huo ndio unaousoma. Sugua kwa msasa namba 240, kisha tumia nyaya nne. Kata mwamba (kipande kirefu chembamba) wa milimita 100, upana 10, unene 5. Ncha mbili za nje zipeleke mkondo. Nyaya mbili za ndani, zilizoachana milimita 50, zisome volti. Ukipeleka miliampia 10 na kusoma volti 0.42, ukinzani ni omu 42. Zidisha kwa eneo la mkato, gawa kwa milimita 50, unapata omu-sentimita 4.2. Ukipima mwamba huo huo kwa waya mbili ukapata omu 300, basi 200 na ushei ni ya maungio yako.

Kata miamba mitatu kutoka bamba moja: mmoja kuelekea resini ilikotiririkia, mmoja kukingama nao, na kipande cha kupima kutoka juu kwenda chini. Duara zitatoa namba tatu zinazokaribiana. Sindano na bapa hazitatoa. Resini ikitiririka inazilaza, na upitishaji wa kufuata mtiririko unaweza kuwa mara kadhaa ya ule wa kukata. Mtu anayetoa namba moja kwa kompoziti (mchanganyiko wa resini na kijazio) ya nyuzi bila kusema amepima upande gani ameficha jambo, hata kama hakukusudia.

Kuchanganya maumbo mawili mara nyingi kunashinda kuongeza moja. Nyuzi ni barabara kuu, masizi ni njia za panya zinazoziunganisha pale ambapo nyuzi mbili zimepishana bila kugusana. Anza na nyuzi asilimia 0.3 na masizi asilimia 2, zote kwa ujazo, kisha punguza nyuzi mpaka uone ukinzani unaanza kupanda. Masizi yanaifanya resini kuwa nzito haraka, kwa hiyo yaongeze ya mwisho.

Sasa upande wa pili wa sarafu, ambao unawahusu zaidi mafundi wa kusuka upya mota na transfoma kuliko wanaotafuta resini ya kupitisha. Hesabu ile ile iliyotupa 3 na 18 inatupa jambo jingine: uga wa umeme, yaani ukali wa msukumo wa umeme, kwenye ncha ya chembe. Kwenye kichwa cha duara inayopitisha umeme, uga ni mara 3 ya wastani. Kwenye ncha ya sindano yenye uwiano wa 10, iliyolala kufuata uga, ni mara 49. Epoksi nzuri inahimili kilovolti 15 hadi 20 kwa milimita. Koili ikifanya kazi kwa wastani wa kilovolti 1 kwa milimita, duara la chuma lililonaswa ndani litaona 3 na hakuna kitakachotokea. Sindano ya chuma itaona 49, na epoksi iliyo mbele ya ncha yake itaanza kuungua kidogo kidogo, ikitoa tawi jeusi linalokua mpaka linafika upande wa pili. Kiasi cha chuma kilichotosha kufanya hivyo hakionekani kwenye mizani yoyote.

Sindano hizo zinatoka wapi? Kutoka kwenye benchi lako. Stili wulu (nyuzi za chuma za kusugulia) ya kusafishia ncha za shaba kabla ya kulehemu ni sindano tupu, ndefu, zenye uwiano wa mamia. Usiitumie mahali panapomiminwa vanishi au resini. Tumia msasa wa oksidi ya alumini, ambao vumbi lake ni kihami. Vikato vya waya wa shaba, vipande vyembamba vya chuma vinavyobaki baada ya kupiga tundu kwa drili, na vumbi la nyuzi za kaboni kama unafanya kazi zote mbili chumba kimoja, vyote ni vya aina hiyo. Piga kwa hewa, kisha futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pitisha sumaku kwa ajili ya chuma. Shaba sumaku haiishiki, kwa hiyo macho na taa.

Bapa za kihami zinafanya kinyume chake. Maika (madini ya tabaka nyembamba) ikilala kukingama na uga, tawi lile linalokua linakuta ukuta na kulazimika kuzunguka, na ndiyo siri ya utepe wa maika kwenye koili za volti kubwa. Ikilala kufuata uga haisaidii kitu. Diatomiti (udongo wa maganda ya viumbe vidogo vya majini) ya Kariandusi, karibu na Gilgil, inawavutia wengi kama kijazio cha bei rahisi, na chembe zake ni za kupendeza kwa hadubini, nyingine duara na nyingine vijiti, zote zimejaa vitundu. Vitundu hivyo vinashika maji. Ukitaka kuijaribu kwenye kihami, ikaushe kwa nyuzi 120 kwa saa kadhaa na uitie kwenye resini ikiwa bado na joto, ukipata pampu ya kuvuta hewa itumie, maana hewa iliyobaki ndani ya vitundu inapasuka cheche mapema kuliko epoksi.

Na mega (mita ya kupimia kihami) ya volti 500 haitakuonyesha lolote kati ya haya siku unapokabidhi mota. Itasoma mamia ya megaomu, kwa sababu sindano moja iliyozungukwa na resini haijakamilisha njia. Kinachoigundua ni kipimo cha volti ya mabadiliko (AC) iliyo juu ya ile ya kazi, au kile cha kusikiliza michomo midogo midogo ndani ya kihami, na vifaa hivyo warsha nyingi za mota hazina. Zisizo navyo zimebaki na ufagio, sumaku na chumba tofauti cha kumiminia.